Majarida ya majoka: si uchawi, si kamari, na huenda si hela pia

Kila baada ya muda, kwenye makundi ya WhatsApp ya watu wa Moshi na Arusha huzuka picha ya jarida kuukuu la Kiingereza. Jaladani kuna joka, au jitu lenye mapembe, au mifupa iliyoshika upanga. Mtumaji amelikuta kwenye meza ya vitabu vya mitumba, au ndani ya boksi alilouziwa pamoja na kabati. Maoni hayachelewi. Mmoja anasema hayo ni mambo ya Freemason. Wa pili anashauri lichomwe moto. Wa tatu anauliza bei, maana amesikia Wazungu hununua vitu vya kale kwa mamilioni. Wa nne amefungua ndani, akaona dadu na majedwali ya namba, akahitimisha kuwa ni kamari. Swali ambalo sijaona likiulizwa ni lile la kwanza kabisa: liliandikwa ili mtu alifanyie nini?

Tukianzia hapo, utata mwingi unaondoka wenyewe. Jarida la aina hii halikuandikwa lisomwe kama gazeti, mtu akaketi kibarazani na chai yake hadi ukurasa wa mwisho. Ni kifaa cha mchezo. Aliyeliokota peke yake ameokota nusu ya kitu. Nusu iliyobaki ni kitabu cha kanuni, na watu wanne au watano waliokaa kuzunguka meza. Ndiyo maana hata mtu anayejua Kiingereza vizuri hulifungua, akasoma kurasa tatu, akalifunga bila kuelewa limemwambia nini.

Kwamba yapo huku kwetu si ajabu. Hospitali ya KCMC mjini Moshi ilifunguliwa mwaka 1971 na imekuwa na madaktari wa kigeni tangu mwanzo. Moshi ina shule ya kimataifa tangu zama hizohizo. Arusha ilikuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza hadi ilipovunjika mwaka 1977, na baadaye, kuanzia 1995 hadi 2015, ikawa na mahakama ya kimataifa iliyosikiliza kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda. Familia za wageni zikihama huuza friji, makochi na vitabu kwa mkupuo, na katika vitabu hivyo yamo mambo ambayo watoto wao walikwisha kuyaacha.

Sasa mchezo wenyewe. Tuuite mchezo wa kuigiza mezani, na tukubaliane maneno matatu. Mhusika ni mtu wa kubuni ambaye mchezaji anambeba: mwizi mjanja, mganga, askari mzee. Mwongozaji ni mchezaji mmoja ambaye hana mhusika wake. Kazi yake ni kueleza yanayotokea, kuwasemea watu wengine wote wa kwenye hadithi, na kuamua. Kisa ni tukio wanalolipitia siku hiyo, lenye mahali, hatari na sababu ya kwenda huko.

Aliyekulia mtaani anaukumbuka ugomvi wa polisi na majambazi. "Nimekuua!" "Hujanipata, nimekwepa!" Mchezo unafia hapo, au anashinda mwenye sauti kubwa, au mwenye mpira anaondoka na mpira wake. Mchezo wa kuigiza mezani ni huohuo, ila umeongezewa mambo mawili: mwamuzi aliyekubaliwa na wote, na dadu ya kukata ubishi. Basi. Kurasa mamia za kanuni zilizokuja baadaye ni maelezo marefu ya mambo hayo mawili.

Tuone unavyokwenda, tena tuuchezee nyumbani. Chini ya migomba ya Marangu na maeneo jirani kuna mahandaki ambayo Wachaga waliyachimba zamani za vita ili kujificha wakati wa uvamizi; yana njia nyembamba, vyumba, sehemu ya mifugo na matundu ya hewa. Mwongozaji anachora ramani ya handaki kama hilo na kuificha. Kisha anasema: "Mmeingia hatua kama thelathini. Mshumaa umezimika. Mbele kuna mbuzi analia, na kuna mtu anamnyamazisha. Mnafanya nini?" Mmoja anajibu kwamba mhusika wake anapapasa ukuta na kunyata kuelekea kwenye sauti. Mwongozaji anapima: giza, njia nyembamba, lakini huyu ni mwizi mzoefu. "Rusha dadu ya pande ishirini. Ukipata 12 au zaidi, umefika bila kusikika." Uwezekano wake ni asilimia 45. Anarusha, wote wanainama kuangalia. Imetoka 11. Mbuzi ananyamaza ghafla, na wachezaji nao wananyamaza.

Hapo hakuna ubao wa lazima, hakuna mshindi, wala hakuna mwisho uliopangwa. Wiki ijayo watarudi na wahusika walewale, wakiwa na makovu ya wiki hii. Anayeuliza "sasa nani kashinda?" anauliza swali zuri kwa draft, si kwa mchezo huu.

Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa dukani ni Dungeons & Dragons, uliotolewa mwaka 1974 na kampuni changa iitwayo TSR ya mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, Marekani. Waandishi wake ni Gary Gygax na Dave Arneson. Chapa ya kwanza ilikuwa nakala 1,000 tu: vijitabu vitatu ndani ya boksi. Wote wawili walitoka kwenye ushabiki wa michezo ya vita ya mezani, ile ya askari wadogo wa risasi na plastiki, ambayo mizizi yake inafika hadi kwenye mafunzo ya maofisa wa Prussia katika karne ya 19. Geuzo kubwa lilikuwa jepesi kulieleza: badala ya kuamuru jeshi zima, mchezaji akapewa mtu mmoja, na mtu huyo akabaki hai kutoka mchezo mmoja hadi mwingine.

Tatizo ni kwamba vijitabu vile vilikuwa na mashimo. Viliandikwa na watu wa vita vya mezani kwa ajili ya wenzao, na mengi yaliachwa yajulikane yenyewe. Mtu wa mji mwingine akivinunua alibaki na maswali kibao na hana wa kumuuliza. Hapo ndipo majarida yalipopata kazi. TSR walianza na kijarida mwaka 1975, na Juni 1976 wakatoa The Dragon, baadaye Dragon tu, lililochapishwa kwenye karatasi hadi 2007. Uingereza, vijana wa kampuni ya Games Workshop wakatoa White Dwarf kuanzia 1977. Los Angeles, mwaka 1975, mwanamke aitwaye Lee Gold alianzisha Alarums and Excursions kwa utaratibu ambao leo unaonekana wa ajabu: kila mshiriki aliandika kurasa zake mwenyewe, akazipeleka, zote zikabanwa pamoja na kusambazwa kwa posta. Mtu alijibu hoja ya mwezi uliopita, akasubiri mwezi mwingine kujibiwa. Ugomvi mmoja kuhusu kanuni moja uliweza kuchukua msimu mzima.

Kwangu mimi hapo ndipo penye utamu. Watu wengi hudhani majarida haya yalitoka juu kwenda chini, kampuni ikiwafundisha wateja. Kurasa zenyewe zinaonyesha kinyume. Wasomaji walikuwa wakituma madubwana waliyoyabuni, ramani, kanuni za kurekebisha kanuni, na lawama. Nitatoa mfano mmoja. White Dwarf lilikuwa na ukurasa wa madubwana yaliyotumwa na wasomaji. Mmoja wa waliotuma alikuwa kijana wa shule, Charles Stross, ambaye leo ni mwandishi mashuhuri wa riwaya za kisayansi. Alibuni jamii ya wapiganaji wakatili waitwao githyanki; jina alilichukua kwenye riwaya ya George R. R. Martin, zamani kabla Martin hajajulikana duniani kote. Mwaka 1981 madubwana ya ukurasa ule yalikusanywa kuwa kitabu rasmi, na githyanki akawekwa jaladani. Mwaka 2023 githyanki walikuwa miongoni mwa wahusika wakuu wa Baldur's Gate 3, mchezo wa kompyuta uliouzwa kwa mamilioni. Barua ya mtoto wa shule imetembea umbali huo.

Kwa hiyo aliye na White Dwarf mkononi aangalie kwanza namba ya toleo. Yale ya miaka ya 1970 hadi katikati ya miaka ya 1980 yanazungumzia michezo ya kampuni nyingi. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1980 jarida liligeuka na kuwa la Warhammer, yaani askari wadogo wa kupaka rangi wanaouzwa na Games Workshop wenyewe. Jina ni lilelile, jarida si lilelile. Nimeona watu wakibishana juu yake kumbe kila mmoja ameshika zama zake.

Sasa tufike kwenye mistari inayowachanganya wengi, ile inayofanana na maandishi ya siri. Ni kweli inatisha kidogo ukiikuta usiku: AC 6, HD 3, MV 9", D 1–8. Si nambari za kuitia mizimu. Ni taarifa za dubwana, zimefupishwa ili mwongozaji azione kwa jicho moja katikati ya mchezo.

HD 3 inaeleza uzima wake: rusha dadu tatu za pande nane, jumlisha, hiyo ndiyo jumla ya madhara anayoweza kuvumilia kabla ya kufa. D 1–8 ni madhara anayokupa akikupata, kati ya 1 na 8. MV 9" ni mwendo, na hiyo alama ya inchi ni ushahidi mzuri wa ukoo wa mchezo huu: umbali ulipimwa kwa rula juu ya meza ya vita, inchi moja ikisimama kwa futi 10 ndani ya jengo, au yadi 10 nje. Kuna vikundi vilivyocheza miaka bila askari hata mmoja mezani, lakini vikaendelea kuhesabu kwa inchi.

AC ndiyo iliyowatesa wengi. Inaeleza ugumu wa kumpata mtu kwa silaha, na katika matoleo ya zamani ilihesabiwa kinyumenyume: asiyevaa ngao wala deraya ana 10 (katika matoleo mengine 9), na kadiri ulinzi unavyozidi namba inashuka, inapita sifuri, inaingia hasi. Kwa hiyo AC 2 ni ngumu kuliko AC 6. Toleo la mwaka 2000 liligeuza, kubwa ikawa ndiyo bora. Mtu aliyejifunza mchezo leo akichukua jarida la 1982 atasoma vibaya kila dubwana lililomo, na hatajua kwa nini joka lake linakufa kama kuku.

Dadu nazo zina habari yake. Dadu ya kawaida ina pande sita, lakini humu utakuta za pande 4, 8, 12 na 20. Mwanzoni Gygax na wenzake walizipata kwa wauzaji wa vifaa vya kufundishia hesabu shuleni. Dadu za awali za pande 20 ziliandikwa 0 hadi 9 mara mbili. Mchezaji alipaka rangi nusu moja ili ajue ipi ni 4 na ipi ni 14. Zilipoadimika, mwishoni mwa miaka ya 1970, boksi la wanaoanza liliuzwa likiwa na vipande vya karatasi vyenye namba, vya kukata na kuchota kikombeni. Njia hiyo bado inafanya kazi, na kwa Moshi, ambako sijui duka linalouza dadu hizi, ndiyo ya kuanzia.

Na hapa hoja ya kamari inajifia. Kamari ni dau; humu hakuna dau. Dadu ipo kupima bahati, na waandishi wa majarida walijua hesabu zake vizuri. Dadu moja ya pande 20 inatoa kila namba kwa nafasi sawa, asilimia 5. Dadu tatu za pande sita zikijumlishwa hazifanyi hivyo: kuna matokeo 216, ambapo 18 hutokea kwa njia moja tu, wakati 10 na 11 kwa pamoja huchukua 54, yaani robo nzima. Ndiyo maana nguvu na akili za mhusika zilipatikana kwa dadu tatu: wengi wawe wa kawaida, shujaa awe adimu. Mwalimu wa hesabu wa sekondari anayetafuta mfano wa uwezekano angepata vipindi viwili humo.

Tuje kwenye shetani, maana najua ndiye aliyewaleta wengi hadi aya hii.

Hofu hiyo si yetu peke yetu na wala si mpya. Mwaka 1979 mwanafunzi wa miaka 16 wa Chuo Kikuu cha Michigan State alitoweka. Mpelelezi wa kukodiwa akasema hadharani kwamba huenda amepotelea kwenye mahandaki ya mabomba ya mvuke chini ya chuo akicheza Dungeons & Dragons. Magazeti yakalibeba. Kijana alipatikana hai mwezi uliofuata, jimbo jingine kabisa, na matatizo yake yalikuwa ya mtu mwenye msongo mkubwa, si ya mchezo. Lakini habari ya kwanza ilikwisha kusambaa, ya pili ikapita kimya. Mwaka 1983 mama mmoja aliyefiwa na mwanawe kwa kujiua alianzisha chama cha kuupinga mchezo, akiamini ndio uliomuua. Uchungu wake ulikuwa wa kweli. Hoja haikusimama: wachezaji walikwisha kuwa mamilioni, na katika kundi la vijana wengi namna hiyo misiba hutokea, wawe wanacheza au hawachezi. Hakuna aliyewahi kuthibitisha kwamba mchezo ulikuwa chanzo.

Kampuni iliogopa vilevile. Toleo jipya la kanuni la mwaka 1989 lilitoka bila mashetani kwa majina yao; yaliporudi miaka michache baadaye yalikuwa yamepewa majina ya kubuni. Majarida ya kabla na baada yanaonyesha mpaka huo waziwazi: ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 yana makala ndefu juu ya jehanamu na wakuu wake, ya miaka kumi baadaye yanakwepa. Gygax mwenyewe kwa kipindi fulani cha maisha yake alikuwa Shahidi wa Yehova, jambo ambalo wachomaji wa majarida hawalitegemei.

Kwani mbona kuna mashetani, basi? Kwa sababu hadithi ya shujaa inataka adui, na hadithi zetu nazo zimejaa mazimwi yanayokula watu bila bibi aliyezisimulia kuitwa mchawi. "Uchawi" wa kwenye jarida ni orodha: jina, umbali, muda, madhara. Hauna maneno ya kutamka. Aliyetafuta kafara humo atakuta jedwali la bei ya kamba na mienge. Mzazi ambaye imani yake haimruhusu hata kuiga mambo hayo ana haki yake. Nasema tu akatae anachokijua.

Suala la hela ni fupi. Wanaonunua wapo, wanatafuta hasa matoleo ya kwanza kabisa ya miaka ya 1970, yakiwa safi, na ramani au mchezo uliobandikwa katikati ukiwa haujang'olewa. Mengi ya miaka ya 1980 na 1990 yalichapishwa kwa wingi na bei zake ni za kawaida. Gharama ya posta kutoka Tanzania inaweza kuzidi bei ya jarida. Tuliokwisha kusikia habari za rupia ya Mjerumani tunaujua wimbo huu. Usimlipe dalali anayekuahidi mnunuzi. Ukitaka kuyatunza, adui zako ni mchwa, unyevu na pini zilizoshika kutu: yaweke juu, mbali na ukuta, na usiyafunge kwenye mfuko wa nailoni yakiwa na unyevu.

Linabaki swali la wale wanaotaka kuyapiga skani na kuyarusha mtandaoni "kwa sababu ni ya zamani". Uzee hauondoi hakimiliki. Jarida la 1985 bado lina mwenyewe, tena mara nyingi wenyewe ni wengi, maana makala, picha na katuni ziliandikwa na watu tofauti. Wamiliki wa Dragon walilionja hilo. Mwaka 1999 walitoa matoleo 250 ya kwanza kwenye CD, wakaingia kwenye mgogoro na waliochangia ambao hawakuwa wameruhusu kazi zao zitumike upya kwa namna hiyo. Mwaka 2001, katika kesi nyingine iliyohusu magazeti, Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani iliwapa haki waandishi wa kujitegemea: mchapishaji hawezi kuingiza makala zao kwenye hazina za kielektroniki bila idhini.

Kwa anayetaka kucheza kwa Kiswahili badala ya kukusanya karatasi, njia iko wazi kuliko ilivyowahi kuwa. Januari 2023, baada ya mzozo mkali na mashabiki, wamiliki wa sasa wa Dungeons & Dragons waliziweka kanuni za msingi za toleo la tano chini ya leseni ya Creative Commons. Mtu yeyote anaweza kuzitafsiri, kuzibadili na hata kuuza tafsiri yake, sharti likiwa kutaja chanzo. Kanuni hizo ni za toleo ambalo AC kubwa ndiyo bora, kwa hiyo dubwana la jarida la 1982 likiingizwa handakini Marangu lazima namba zake zigeuzwe kwanza: toa AC ya zamani kutoka 20, ukipata 14 badala ya 6 uko sawa.